Clarkston hadi Ruleville: barabara ya Anarcha na Bi Hamer

Nimeyaunganisha haya baada ya kurudi, kutoka kwenye daftari, risiti za mafuta na picha za simu. Tulikuwa wawili: mimi, mkazi wa Clarkston pembeni mwa Atlanta, ambako Kiswahili unakisikia dukani kila siku, na shangazi yangu, mkunga mstaafu wa Tanga aliyekuja kumwona mjukuu. Jioni moja, taarifa ya habari ilipokuwa ikieleza ugomvi wa sheria za kutoa mimba, aliniuliza: "Hawa wanawake Weusi wa huku, kila wakigombea uzazi wao, mbona wanaanzia utumwani?" Nikamwambia jibu lake liko barabarani, saa chache kutoka hapa.

Jumatano: Atlanta

Gari tulikodi kwa dola 48 kwa siku, bima ikiwemo. Kabla ya kutoka mjini nilimpitisha Spelman, chuo cha wanawake Weusi kilichoanzishwa 1881. Tuliangalia kwa nje tu, maana hatukuwa na miadi. Humo ndimo Byllye Avery alimowakusanya wanawake Weusi kutoka pande nyingi za nchi, Juni 1983, wazungumzie afya zao kwa midomo yao wenyewe. Mwaka 1994 wanawake Weusi 12 walikutana Chicago, muda mfupi kabla ya mkutano wa Cairo kuhusu idadi ya watu, wakasema kudai "uchaguzi" peke yake hakuwatoshi. Wao walitaka mambo matatu yasiyotenganishwa: haki ya kutozaa, haki ya kuzaa, na haki ya kulea mtoto mahali salama. Mmoja wao, Loretta Ross, alikuwa amepoteza uwezo wa kuzaa akiwa bado kijana, kwa madhara ya kitanzi cha Dalkon Shield. SisterSong, muungano ulioundwa 1997 na wenye makao hapa Atlanta, umejengwa juu ya hayo matatu.

Shangazi alinisikiliza, akasema, "La kwanza nalijua, la tatu nalijua. Hilo la pili ndilo silielewi. Nani anamzuia mtu kuzaa?"

Alhamisi: Clarkston – Montgomery

Tulitoka alfajiri baada ya swala, chapati na maharage kwenye hotipoti kiti cha nyuma. Barabara ya I-85 ni nzuri na haina la kusimulia. Tuskegee tuliipita bila kusimama. Wale wanaume Weusi 600 waliohusishwa katika utafiti wa kaswende kuanzia 1932 hadi 1972, wagonjwa wakiachwa bila tiba, wanastahili safari yao wenyewe.

Kwa watakaofuata: ukivuka mpaka kuingia Alabama saa inarudi nyuma kwa saa moja. Kwenda unaifaidi, kurudi unailipa. Mafuta jazeni kabla hamjaingia katikati ya Montgomery. Kwenye vituo vya pembeni tuliyapata kwa bei nafuu kidogo.

Kituo cha kwanza kilikuwa Mothers of Gynecology, sanamu tatu za chuma chakavu za msanii Michelle Browder, zilizozinduliwa Septemba 2021. Nilidhani tutakaa pale nusu saa. Tuliondoka mchana.

Wanawake wale ni Anarcha, Betsey na Lucy. Katika miaka ya 1840 daktari J. Marion Sims alijenga kihospitali nyuma ya nyumba yake mjini hapa, akaweka wanawake watumwa waliokuwa na fistula ya uzazi, tundu linaloachwa na uchungu wa muda mrefu na kumfanya mama avuje mkojo. Kati ya 1845 na 1849 aliwapasua mara kwa mara bila ganzi, akitafuta namna ya kuziba tundu. Lucy alikuwa na miaka 18. Alifanyiwa upasuaji wa karibu saa nzima mbele ya madaktari 12 waliokuja kutazama, na nusura afe kwa maambukizi. Anarcha, aliyeanza akiwa na miaka 17, alipasuliwa takriban mara 30 kabla daktari hajatangaza kufaulu. Huyo daktari aliitwa baba wa tiba ya magonjwa ya wanawake. Sanamu yake ya New York iliondolewa kwenye bustani ya Central Park mwaka 2018. Ile ya hapa Montgomery, ya mwaka 1939, tuliikuta imesimama kwenye uwanja wa jengo la serikali ya jimbo.

Sanamu ya Anarcha ndiyo ndefu kuliko zote. Tumboni pana tundu. Mfuko wake wa uzazi uko kando, umejaa vitu vya kukata na kuchoma.

Shangazi alizizunguka polepole, mtandio kichwani, mikono nyuma kama anayekagua wodi. Fistula haikuwa hadithi kwake. Alinisimulia binti aliyeletwa kutoka Handeni, siku nne za uchungu, mtoto amefia tumboni, mkojo unamtoka bila kukoma, mume keshamrudisha kwao. Walimpeleka Dar es Salaam, CCBRT, ambako upasuaji huo hufanywa bure, akarudi mkavu na anacheka. "Upasuaji ule," akasema, "kumbe ulianzia kwenye miili ya hawa."

Pale palikuwa na mama mmoja wa makamo anayemwagilia maua maji. Nilimtafsiria. Akauliza kama shangazi anajua kwamba wale madaktari wenzake Sims walichoka na kumwacha, na kwamba waliobaki kumsaidia ni wagonjwa wenyewe. Anarcha akimshika Lucy, Lucy akimshika Betsey, hadi wakawa mahiri wa kazi. Shangazi akasimama. "Basi hao ni wauguzi," akasema. "Andika hivyo. Wauguzi wa kwanza wa kazi hii." Yule mama alipoelezwa alicheka, akatukatia matawi mawili ya maua, akakataa hela. Tuliacha dola 20 za mchango.

Kwa mtazamo wangu mimi, ukatili wa Sims ndio unaotajwa zaidi na hesabu ya wamiliki ndiyo inayosahauliwa. Kwa nini mwenye shamba amwachie daktari mtumwa wake kwa miaka? Kwa sababu mwanamke mwenye fistula hazai, na asiyezaa ameshuka bei. Daktari alikuwa anakarabati mali. Hilo lilinielea vizuri kesho yake.

Usiku tulilala moteli ya dola 71, safi, kiyoyozi kinapiga kelele.

Ijumaa: Montgomery

Jumba la Legacy Museum, la historia ya utumwa na yaliyoufuata, bustani ya kumbukumbu ya waliouawa na makundi ya watu, na bustani ya sanamu kando ya mto vyote vinaingiliwa kwa tiketi moja ya dola 5. Jumatatu na Jumanne hufungwa. Ndani ya jumba hakuna kupiga picha, kwa hiyo hapa nategemea daftari. Vaeni viatu vya kutembelea.

Nilimtafutia shangazi benchi nikamweleza sheria ya mwaka 1662. Bunge la koloni la Virginia lilipitisha kwamba mtoto atakuwa huru au mtumwa kwa kufuata hali ya mama yake. Katika sheria za Uingereza mtoto alimfuata baba. Hapa wakageuza, kwa sababu baba mara nyingi alikuwa bwana mwenyewe. Kuanzia siku hiyo mtu angeweza kumbaka mtumwa wake na kuongeza mali kwa tendo hilohilo. Mwaka 1808 kuingiza watumwa kutoka ng'ambo kulipopigwa marufuku, njia halali iliyobaki ya kuongeza watumwa ilikuwa tumbo la mwanamke. Thomas Jefferson aliandika waziwazi, mwaka 1820, kwamba mwanamke anayezaa kila baada ya miaka miwili ana faida kuliko mwanamume bora wa shambani. Kufikia 1860 watumwa wa nchi hii walikuwa karibu milioni 4.

Shangazi, mtoto wa Pangani, alikunja uso. "Kwetu mtoto wa suria akikubaliwa na bwana alikuwa huru, anarithi. Masultani wangapi wa Unguja mama zao walikuwa masuria?" Ni kweli, na mama akishamzalia bwana hauzwi tena, huachwa huru bwana akifa. Lakini nikamkumbusha mzalia, mtoto wa mtumwa kwa mtumwa, aliyebaki mtumwa. Na nikamuuliza kama suria alikuwa na nafasi ya kukataa. Akanyamaza muda mrefu. "Hakuwa nayo," akasema. "Sheria ilimtazama mtoto. Mama alibaki palepale." Tukaendelea.

Wanafikra wa kike Weusi ndio walioichukua sheria ile ya 1662 na kuiweka mwanzoni mwa kila mjadala. Angela Davis aliandika juu ya mwanamke mtumwa akiwa gerezani, mwaka 1971. Profesa wa sheria Dorothy Roberts alionyesha, katika kitabu cha 1997, kwamba historia ya uzazi nchini humu haieleweki kama unaianza na dawa za kuzuia mimba za wanawake Wazungu. Inabidi uianze na tumbo linalomilikiwa na mtu mwingine. Ukianza hapo, kulazimishwa kuzaa na kulazimishwa kutozaa vinakuwa jambo moja.

Mchana tulikula mkahawa wa mtaani: kambale wa kukaanga, bamia, mboga za majani, dola 13 sahani. Angalizo kwa Waislamu: mboga za majani za kusini huku mara nyingi hupikwa na mguu wa nguruwe. Ulizeni kila mahali, na msione haya. Mhudumu alikwenda jikoni kuhakikisha, akarudi na bamia za mafuta matupu.

Meza zilijaa, bibi mmoja akaomba kukaa nasi. Alipojua shangazi ni mkunga, akauliza kama amesikia habari za watoto wa Relf. Hakuwa amesikia. Ilikuwa 1973, hapahapa Montgomery. Minnie Lee alikuwa na miaka 14, Mary Alice 12. Wahudumu wa kliniki ya uzazi wa mpango iliyolipiwa na serikali kuu walimletea mama yao karatasi. Mama hakujua kusoma. Alidhani ni zile sindano za Depo-Provera walizokuwa wakichomwa. Akaweka alama ya X. Wasichana wakafungwa kizazi. Dada yao mkubwa alijifungia chumbani akanusurika. Kesi ikafika mahakama ya Washington, na mwaka 1974 Jaji Gerhard Gesell akaeleza kwamba maskini kati ya 100,000 na 150,000 walikuwa wakifungwa kizazi kila mwaka kwa fedha za serikali kuu, baadhi yao wakitishiwa kukatiwa misaada.

Bibi alikuwa mwanafunzi wakati huo. Alisema mama yake tangu siku ile hakuweka tena saini yoyote bila mchungaji kuisoma kwa sauti.

Shangazi akaweka uma chini. Kazini kwao fomu ya ridhaa ilikuwa na kiboksi cha dole gumba. Yeye alikuwa anaisoma mara mbili, mara ya pili kwa Kisambaa kama mgonjwa ni wa milimani, kisha anamwambia arudie kwa maneno yake. Wenzake walimcheka kwamba anachelewesha orodha. Nilipomtafsiria bibi, alinyoosha mkono akamshika. Tulipoomba bili tukakuta ameshailipa.

Usiku, taa zimezimwa, shangazi akasema kutoka kitanda cha pili: "Lile la pili nimelielewa."

Jumamosi: Montgomery – Selma – Jackson

Barabara ya 80 kwenda Selma, picha mbili darajani, kisha mwendo mrefu hadi Meridian na I-20. Misonobari, misonobari, lori, misonobari.

Jackson tulikuja kuona nyumba ambayo haipo tena, kwa maana ya kazi yake. Kwenye mtaa wa Fondren lilikuwapo jengo la rangi ya waridi, kliniki ya mwisho ya kutoa mimba katika jimbo zima la Mississippi. Jina lake ndilo lililo kwenye kesi ya Dobbs, ambayo Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua tarehe 24 Juni 2022 na kuifuta haki ya kutoa mimba iliyodumu nchi nzima tangu 1973. Kliniki ikafungwa mwezi uliofuata, jengo likauzwa, likapakwa rangi nyeupe. Tulisimama kando ya barabara dakika tano. Hakuna cha kuona, na sishauri mtu aje Jackson kwa ajili hiyo peke yake.

Lakini hoja inastahili kusimamishiwa gari. Mahakama ilipima haki hiyo kwa mila za nchi, ikahesabu sheria za majimbo za mwaka 1868, yalipopitishwa Marekebisho ya 14 ya katiba yaliyokuwa msingi wa haki hiyo. Wanasheria wa kike Weusi, Michele Goodwin akiwa mmoja wao, wakauliza: mwaka 1868 nani alikuwa ameketi bungeni? Wanawake waliokuwa wametoka utumwani miaka mitatu tu nyuma hawakuwa na kura. Goodwin anasema kuzalishwa kwa nguvu kulikuwa kiini cha utumwa, basi Marekebisho ya 13 ya katiba yaliyoufuta mwaka 1865 yasomwe hivyo. Wapinzani nao wana historia yao: mwaka 2010 Atlanta ilibandikwa mabango yaliyodai watoto Weusi ni viumbe walio hatarini kutoweka, kwa sababu ya mama zao kutoa mimba. SisterSong na wenzao waliyapiga vita. Jeraha ni lilelile, na kila upande unalinyooshea kidole.

Shangazi hakubaliani na kutoa mimba na hakunificha. Mimi nakubaliana na Goodwin. Tulibishana hadi mapokezi ya moteli (dola 66), ambako mwenye moteli, mzee wa Kigujarati, aliinua kichwa akatukatiza: "Hamjambo? Chai?" Amezaliwa Kampala, akafukuzwa na wenzake 1972. Chai yake ilikuwa na tangawizi ya kutosha. Ubishi ukaahirishwa.

Jumapili: Jackson – Ruleville

Barabara ya 49 inapanda hadi Yazoo City, halafu ghafla vilima vinaisha na Delta inaanza, tambarare hadi macho yachoke. Mbele kidogo simu zote mbili zikalia king'ora: onyo la kimbunga. Tukaingia kituo cha mafuta. Kijana wa kaunta alituingiza wateja wote, watu tisa na mbwa, kwenye chumba baridi cha soda, akatugawia makoti ya wafanyakazi. Tulikaa humo karibu saa nzima.

Shauri: Machi hadi Mei washeni taarifa za dharura kwenye simu, na msijaribu kuukimbia upepo kwa gari. Ombeni hifadhi. Hakuna atakayekukatalia.

Kati yetu alikuwemo dada mwenye mimba ya miezi minane. Shangazi alimpa kreti la soda akalie, akamuuliza kwa Kiingereza chake cha wodini miguu imevimba tangu lini. Hospitali ya karibu na kwao haizalishi tena. Kliniki yake ni mwendo wa saa moja na nusu, na gari ni la mama yake. Shangazi alimbonyeza kifundo cha mguu, akaangalia shimo lilivyobaki, akamwambia apime presha leo, si kesho. Kijana wa kaunta akasema duka la dawa la mjini lina mashine na leo liko wazi. Upepo ulipopita, mmoja wa wateja akampeleka.

Mwaka 2023 nchini Marekani, kwa kila vizazi hai 100,000, walikufa mama Weusi 50.3 na Wazungu 14.5. Hesabu hii nilikuwa nayo kwenye daftari tangu Atlanta. Ilikuwa na sura sasa.

Indianola tulisimama mbele ya mahakama ya wilaya, ambako Fannie Lou Hamer, mfanyakazi wa shamba aliyekuja kuwa mpigania haki za Weusi, alikwenda kujiandikisha kupiga kura Agosti 1962, akarudi akakuta amefukuzwa shamba alilofanyia kazi miaka 18. Ruleville ni mji mdogo sana. Bustani yake ya kumbukumbu iko wazi, haina kiingilio, ina sanamu ya 2012 na makaburi mawili, lake na la mumewe. Choo hakikuwa wazi siku ile, malizeni Indianola.

Mwaka 1961 Bi Hamer aliingia hospitali kuondolewa uvimbe. Akatoka bila mfuko wa uzazi na hakuna aliyemwambia. Alikuja kuzisikia habari za tumbo lake kwa umbea wa shambani, ulioanzia jikoni kwa bwana. Jambo hilo lilikuwa la kawaida mno hata likapewa jina la utani, upasuaji wa kidole tumbo wa Mississippi. Mwaka 1964 alisema hadharani kwamba wanawake Weusi sita kati ya kumi waliopelekwa hospitali ile walitoka hawazai. Alilea watoto wa kupanga. Binti yake Dorothy Jean alifariki 1967 akikimbizwa Memphis kutafuta matibabu.

Mzee aliyekuwa akifyeka nyasi alizima mashine, akatuletea viti viwili vya kukunja kutoka kwenye pikapu yake, bila kuulizwa, akaendelea upande wa pili ili kelele zisitusumbue.

Hapo ndipo nilipomwambia shangazi nililokuwa nimemfichia: Bi Hamer alipinga kutoa mimba. Aliona ni njia nyingine ya kuwamaliza Weusi. Nilitegemea ashangilie. "Sasa hao wa Atlanta wanamfanyaje?" akauliza. Wanamheshimu, nikasema, wanamtaja karibu kila wanapoeleza haki ya pili. "Na wewe?" Nami pia. "Basi tatizo lenu si mimba," akasema. "Ni yule anayeamua wewe umelala."

Jumatatu: Ruleville – Clarkston

Barabara ya 82 mashariki, kupitia Winona, mji ambao Bi Hamer alipigwa jela Juni 1963 hadi akaharibika figo. Tamale za Delta, za nyama ya ng'ombe, dola 9 dazeni nusu. Columbus, Tuscaloosa, foleni ya Birmingham, na ile saa moja ya mpaka ikachukuliwa. Tuliingia nyumbani usiku mnene.

Jumla kwa wawili, gari, mafuta, malazi, chakula na michango: dola 780 na ushee. Mngekuwa wanne kwenye gari moja ingeshuka sana kwa kila mtu.

Safari ijayo, shangazi akija tena, ni South Carolina, barabara ya 17, daraja la Harriet Tubman juu ya mto Combahee. Juni 1863 Tubman aliongoza pale wanajeshi waliowatoa utumwani watu zaidi ya 700 kwa usiku mmoja, na wanawake Weusi wa Boston wakalichukua jina la mto huo kwa kundi lao, lililotoa tamko mwaka 1977, likipinga pamoja na mengine kufungwa kizazi kwa lazima. Mwenye kujua pa kuegesha gari karibu na daraja, na kama kuna njia ya miguu inayomfaa mtu mzima mwenye magoti mabovu, aniandikie.